Ganda la Bi Sukaina

Kila siku baada ya sala ya Magharibi, Kanizfatema alinawa mikono hadi viwikoni kwa sabuni isiyo na harufu, akajifuta kwa taulo lake la pekee, akakaa chini kwenye zulia la chumba cha bibi yake na kufunua kisanduku cha kioo kilichokuwa juu ya meza fupi. Ndani ya kisanduku aliishi Kachori, buibui wa aina ya tarantula, mwenye miguu ya manyoya na tumbo la mviringo, ambaye akijinyoosha hujaa kiganja. Chumba kilikuwa cha bibi kwa jina, lakini joto lake lilipimwa kwa ajili ya Kachori.

Bi Sukaina alitazama shughuli hiyo akiwa kitandani, tasbihi mkononi. Yeye alisema Kiswahili cha Tanga na mjukuu wake alijibu kwa Kiingereza, wakaelewana vizuri tu. Hapa maneno ya msichana yanaletwa kwa Kiswahili ili tusisumbuane.

"Ukimshika lazima ukae chini, Dadima," alisema Kanizfatema. "Akidondoka hata kutoka kiunoni, tumbo linapasuka, na hapo hakuna dawa."

"Na mimi nikidondoka?"

"Wewe una kadi ya afya."

Kanuni zilikuwa nyingi na Kanizfatema hakuruka hata moja. Buibui hakamatwi kwa juu, maana atadhani ni ndege anataka kumla. Unatandaza kiganja mbele yake, unamgusa mguu wa nyuma kwa brashi laini ya rangi, naye akipenda atapanda mwenyewe. Akiinua miguu ya mbele, funika, mwache na hasira zake. Usimpumulie. Akijikwangua manyoya yakaruka, usijiguse macho. Ukimaliza unamrudisha polepole, unanawa tena, na ikiwezekana unamshukuru.

Bi Sukaina aliyasikia hayo yote akawa anawaza. Katika nyumba ile hakuna aliyemgusa yeye kwa utaratibu wa namna hiyo. Kusema kweli hakuna aliyemgusa kabisa tangu mumewe Hyderali atangulie mbele ya haki, ukimtoa daktari wa macho. Tusimwonee mwanawe Kazim, wala mkewe Kisa. Kazim alifanya kazi ofisi ya bima, Kisa mapokezi kwa daktari wa meno, na wote wawili walitoka Flemingdon Park, mtaa wao huko Canada, kungali giza, kila mmoja na basi lake, wakarudi giza likiwa limeshaingia tena. Mtu wa aina hiyo akifika nyumbani anatoa salamu kutoka mlangoni, na akishavua viatu anaona ameshamaliza.

Jambo lililomkosesha raha Bi Sukaina lilikuwa moja. Kazim na Kisa walikuwa wameanza kuizungumzia, mezani, kwa Kiingereza, nyumba ya wazee iliyoko Mississauga. Walitumia Kiingereza ili yeye asielewe, na yeye alielewa kila neno. Mwezi wa Februari kungepatikana nafasi.

"Mimi siendi," alisema siku moja, kijiko mkononi.

"Mama, nani kasema unakwenda? Tunazungumza tu."

"Basi zungumzeni kwamba siendi. Nataka kukaa hapa, na nyinyi. Sina haja nyingine."

Kazim alisema wali umepikwa vizuri. Suala la Kachori kuhamishiwa popote halikuletwa mezani.

Siku moja ya Novemba Bi Sukaina alibaki peke yake kama kawaida, akamkuta Kachori amelala chali, miguu juu, hatikisiki. Bi Sukaina alikuwa ameona watu wengi wakikata roho, Tanga na hapa, na alijua kinachopasa kufanywa. Anayekata roho hulazwa chali, nyayo zikaelekezwa kibla. Chali alikwishajilaza mwenyewe. Ilibaki kibla. Akakizungusha kisanduku taratibu mpaka miguu minane, au angalau mingi kati yake, ikaelekea kaskazini mashariki, upande wa maegesho ya magari, kisha akajitanda mtandio na kuanza kusoma Yasini.

Aliifikisha katikati, Kachori akapasuka mgongoni na kutoka ndani ya Kachori. Aliyetoka alikuwa mpya, laini, wa rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Aliyeachwa alikuwa mtupu, lakini kamili, na manyoya yake yote. Bi Sukaina alimalizia sura iliyobaki, kwa kuwa si vizuri kuikatiza, halafu akaenda kuinjika chai.

Jioni Kanizfatema alishika kichwa. Alieleza kwamba buibui akilala chali hajafa, anajivua ganda, na kwamba watu wengi huwaua kwa kuwagusa wakati huo. Hata kukizungusha kisanduku ilikuwa hatari.

"Nilimwelekeza kibla tu."

"Dadima, usifanye tena. Na sasa asiguswe mpaka mwili ukaze."

"Anajivua kwa sababu gani? Anaumwa?"

"Hapana. Anabanwa. Ganda limemwia dogo."

Bi Sukaina aliinama kulitazama ganda. Usiku ule alikula chakula chake chote, jambo ambalo hakuna aliyeliona.

Siku chache baadaye Kisa alirudi kutoka kazini akamkuta mama mkwe wake amelala chali katikati ya zulia, nyayo zimeelekea maegesho ya magari. Alimpigia Kazim simu. Kazim aliacha kazi mezani, akapanda basi la Don Mills, na akiwa njiani akampigia Mahmood wa kamati ya mazishi, ambaye alisema pole na kuuliza kama wangependa Jumamosi. Walipokuwa wakibishana ukumbini kama waite gari la wagonjwa au la, Kanizfatema aliingia na begi lake la chuo mgongoni, akachungulia chumbani.

"Asimguse mtu," alisema. "Zimeni taa ya juu. Wekeni maji karibu yake."

Walimtii, kwa kuwa ndiye peke yake nyumbani mwenye uzoefu. Ilipofika Isha, Bi Sukaina alipasuka kuanzia kisogoni hadi kiunoni, bila damu, kwa sauti ndogo kama ya gundi ya boksi inapobanduliwa. Kazim alitoka nje kwa heshima. Kisa alileta khanga. Bi Sukaina akajitoa mkono mmoja, halafu wa pili, halafu kichwa, akakaa kitako akihema, mwekundu mashavuni kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Aliuliza kama kuna mkate wa kumimina.

Ganda lilibaki pale lilipo. Lilikuwa na kila kitu: nyusi, mistari ya viganja, kovu la kuungua kwenye kikaango cha chapati, alama ya miwani puani. Ukilimulika, mwanga ulipita.

Kuanzia siku hiyo Bi Sukaina alihisi mambo kwa ngozi mpya. Alihisi ubaridi wa kijiko, upepo mdogo uliopenya mlango wa roshani, uzito wa blanketi. Kilichomuuma kuliko vyote ni ile nafasi tupu iliyokuwa kati yake na watu. Alitaka mno kushikwa mkono, na alisema hivyo waziwazi. Lakini Kanizfatema alikuwa ameshatangaza kanuni: asiguswe mpaka mwili ukaze. Zamani hawakumgusa kwa kukosa nafasi, sasa hawakumgusa kwa kufuata utaratibu, na Kisa alikiri kwamba ilikuwa afadhali kuwa na sababu.

Kilichobaki ni ganda. Kazim alimpigia shekhe kuuliza hukumu yake. Shekhe alifikiri, akasema kucha na nywele ni vizuri kuzikwa, ila si wajibu, na akauliza kama mwenyewe yu hai. Kazim alisema yu hai, hivi sasa analalamika kwamba chai haina tangawizi. Basi si maiti, alisema shekhe, litunzwe kwa heshima. Ardhi nayo ilikuwa imeganda kama jiwe. Kazim akalivisha ganda gauni la Idi na mtandio wa kijani, akaliketisha kwenye kiti cha mkono kando ya dirisha la sebuleni.

Lilipendeza. Halikusema kwamba televisheni ina kelele. Halikuuliza Kanizfatema ataolewa lini, wala kwa nini Kisa hununua vitunguu vilivyokwishakatwa. Lakini lilikuwa jepesi kuvunjika, kwa hiyo nyumba nzima ilishika adabu za kulihudumia. Watu walinawa mikono kwa sabuni isiyo na harufu. Walipiga magoti mbele yake. Hawakulipumulia. Kazim, ambaye mara ya mwisho kumkumbatia mama yake ilikuwa uwanja wa ndege, sasa kila jioni alikaa chini sakafuni, akakishika kiganja cha ganda kwa mikono miwili na kukinyoosha kidole kimoja kimoja. Bi Sukaina alikuwa akimwona kutoka jikoni. Wivu ulimshika, wivu kabisa, na hakuwa na wa kumwambia isipokuwa Kachori.

Wageni nao walilizoea. Mahmood alikuja kujua kama Jumamosi bado inahitajika, akapiga goti mbele ya kiti.

"Mashallah. Mama ametulia."

"Mahmood, mwanangu," aliita Bi Sukaina akikoroga sufuria, "mkeo mgongo umepoa?"

"Alhamdulillah, Mama," alijibu Mahmood, macho yake kwenye ganda, akalitengeneza mtandio.

Januari ilipokwisha Kazim alimwita mama yake sebuleni. Alikuwa amevaa tai. Alisema nafasi ya Mississauga imepatikana, chumba kina dirisha, chakula ni halali, na wapo wazee wengine wa Dar na Mombasa wa kuongea nao. Kwa muda mrefu kilichomzuia kilikuwa kitu kimoja, jamaa wa msikitini. Wangesema Kazim kamtupa mama yake. Hilo sasa halikuwapo tena.

"Na hilo?" Bi Sukaina alilinyooshea kidole ganda.

"Hilo litabaki, Mama. Nyumba bila mama haina baraka."

Bi Sukaina alikaa kwenye sofa. Machozi yalimtoka, na kwenye ile ngozi mpya yalichoma.

"Kazim, nakuomba. Niache hapa. Nitakaa kimya. Sitasema vitunguu, sitasema televisheni. Nitakaa kimya kama hilo."

"Mama, hutaweza," alisema Kazim, si kwa ubaya. Alikuwa anamfahamu mama yake.

Siku ya kuhama theluji ilikuwa imerundikana mpaka kwenye vioo vya magari. Bi Sukaina aliamka kabla ya wote, akasali, akanawa mikono kwa ile sabuni. Alipiga magoti mbele ya kiti, akalivua ganda gauni la Idi na kulivisha koti lake zito, mtandio wa kila siku, soksi za sufu, buti, glavu na miwani ya zamani. Mkoba akaliwekea begani. Alilisimamisha karibu na mlango, likaegemea ukuta kama mtu aliyechoka kungoja. Halafu yeye akavaa gauni la Idi, akajitanda mtandio wa kijani, akaketi kitini na kuweka mikono juu ya mapaja.

Kanizfatema alitoka chumbani akipiga miayo. Alitazama mlangoni, akatazama kitini. Akaenda kunawa mikono. Aliporudi alichuchumaa mlangoni na kulifunga ganda kamba za buti, maana bibi alikuwa amezisahau.

"Usipumue sana," alimwambia bibi yake. Kisha akamlilia kwa sauti ya chini, akajifuta kwa mkono wa sweta na kwenda kumlisha Kachori nyenje wake.

Kazim alilibeba ganda hadi kwenye gari. Alihisi wepesi wake mikononi, wepesi wa kapu la nguo kavu. Alilifunga mkanda, akalishushia mtandio ili uso usikwaruzwe. Wakashika barabara ya 401 kuelekea magharibi, malori ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu mbele yao, na walipokuwa katikati ya foleni Kazim alianza kuzungumza. Alisema anamwomba mama yake radhi. Alisema anakumbuka alivyougua malaria akiwa mdogo na mama yake akamshika mkono mpaka kukapambazuka, na kwamba hajui ni lini alisahau namna ya kurudisha. Alisema anaona haya kurudi nyumbani. Aliongea mpaka Mississauga. Yalikuwa ndiyo maneno ambayo Bi Sukaina alikuwa ameyangoja tangu ashuke Canada, na ganda liliyasikiliza vizuri sana, bila kumkatiza.

Mhudumu aliyelipokea alikuwa mwanamke wa Meru aliyeitwa Nkirote.

"Karibu, shosho," alisema, kama aitavyo bibi wa kwao, akaliinua. "Ai, na vile wewe ni mwepesi! Huku utashiba."

Kazim alirudi nyumbani mchana. Kisa alikuwa kazini na Kanizfatema chuoni. Kando ya kiti cha dirishani, juu ya stuli, palikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi kinachofuka moshi. Alisimama na koti lake, akamtazama aliyeketi. Bi Sukaina alitazama mbele, kwenye jengo la ng'ambo, na hakupepesa. Jicho moja lilianza kumlengalenga. Kazim alikichukua kikombe, akakimwaga kwenye sinki, akakisuuza na kukirudisha kabatini.

Jioni alimwambia mkewe kwamba ganda linakaa vizuri pale.

"Ndiyo," alisema Kisa, akimtazama mama mkwe wake usoni. "Lisisogezwe."

Maisha yakawa na utaratibu wake. Wenyewe wakiondoka, Bi Sukaina aliinuka, akanyoosha magoti, akapika, akaoga, akazungumza na Kachori mambo ya watu. Wakikaribia kurudi, alirudi kitini. Walikuta mchuzi wa nazi jikoni, wakapakua, wakasifu, na hakuna aliyeuliza nani kapika. Mara moja tu aliteleza. Ilikuwa wakati wa chakula cha jioni.

"Kazim, mguu umeniingia ganzi."

Kazim aliongeza sauti ya televisheni. Kesho yake, akivaa viatu, alisema akiutazama ukuta kwamba kile chumba cha Mississauga kina vitanda viwili. Tangu hapo ganzi ikamwingia na kumtoka yenyewe.

Lakini alishikwa. Hilo lisisahauliwe. Kila jioni mwanawe aliketi sakafuni na kumnyoosha vidole. Kila baada ya Magharibi, akishamrudisha Kachori kwenye kisanduku na kunawa tena, mjukuu wake alikuja na kumwekea shavu kwenye goti. Kuna saa aliona amefanya biashara nzuri, na kuna saa alitamani kupiga kelele mpaka vioo vipasuke.

Jumapili familia ilikwenda Mississauga kumtembelea mama. Walikuta amevalishwa vizuri, ameketi dirishani.

"Huyu mama yenu ni poa kabisa," alisema Nkirote. "Chakula hataki, lakini hasumbui mtu. Wangekuwa wote kama yeye, mimi ningemaliza shifti mapema."

Kazim alishukuru, akalibusu ganda kwenye paji la uso, akiwa amezuia pumzi.

Mwishoni mwa Februari Bi Parin alikuja Flemingdon Park kutoka Crescent Town, kwa mabasi mawili na fimbo. Alikuwa rafiki wa Bi Sukaina tangu wanasoma Tanga, Sukaina wa msikitini na yeye wa jamatkhana, nyumba ya ibada ya madhehebu yao, wakikaa dawati moja na kuibiana maembe mabichi ya chumvi. Hakuwa ameonekana muda mrefu kwa sababu ya magoti yake. Kisa alimpa sabuni akanawe, akamweleza asilipumulie ganda. Ilimchukua Bi Parin muda kushuka sakafuni. Alipofika chini aliushika mkono wa kulia wa aliyeketi kwa mikono yake yote miwili.

"Sukaina," alisema, "wanasema wewe uko Mississauga na hili ni ganda tu. Sawa. Mississauga ni mbali kwangu, mabasi matatu na treni, basi nitaongea na ganda. Nimebaki peke yangu, Sukaina. Nyumba imejaa watu na nimebaki peke yangu. Wananisemesha kama mtoto mchanga. Jana nimejisemesha mwenyewe kwa Kiswahili, kwa sauti, nisikie tu. Wewe hujambo? Huko wanakuitaje? Kuna anayekuuliza kitu?"

Kisa alisimama na sinia ya chai. Kazim aliizima televisheni. Kanizfatema, mlangoni, alilitazama zulia.

Bi Sukaina alikuwa na jibu. Lilimjaa kifuani, likapanda kooni, likafika nyuma ya meno, jibu refu lenye maembe na chumvi na kila kitu kilichompata. Alimwona Kazim akimtazama. Akaufunga mdomo kwa ndani.

Bi Parin aliinua uso.

"Kisa, mwanangu," alisema, "mbona mkono una joto?"

"Ni jua la dirishani, Bi Parin," alisema Kisa, akamimina chai.

Bi Parin aligeuka kutazama. Nje theluji ilikuwa ikianguka tangu alfajiri, na jengo la ng'ambo lilikuwa halionekani.

"Aah," alisema. "Kweli, jua kali."